Kabla hujalipia distributa wa nyimbo zako za AI, soma kwanza hapa

Hii naiandika kwa wewe ambae ndo unaanza, umeshatengeneza nyimbo tano sita kwenye Suno, ile programu ya AI ya kutunga muziki, umezisikiliza usiku kucha ukaona kabisa hizi zinafaa kutoka, sa hivi unatafuta wa kukupelekea Spotify, Apple Music, Deezer na kwingine kwa sababu huko msanii mmoja mmoja hapeleki mwenyewe, lazima upitie kwa distributa. Najua swali la kwanza linalokuja kichwani ni yupi mwenye bei rahisi, maana hata mimi lilinijia hilohilo. Nakuomba uliweke pembeni kidogo, mimi nilianza na bei na ikanigharimu albamu nzima ya nyimbo 9.

Ilikuwa hivi. Nilimchagua mmoja kwa sababu alikuwa na ofa, unalipa mara moja kwa mwaka unapandisha nyimbo unazotaka bila kikomo, masharti yake sikusoma hata aya moja, nikabonyeza nakubali nikaendelea. Nyimbo zikatoka vizuri, zikakaa miezi minne zinasikilizwa mara 30, mara 40 kwa siku, alafu wiki moja nafungua dashibodi nakuta 800, kesho yake 900, nikafurahi mno nikaanza kuwapigia watu. Sasa nilipokuja kuangalia vizuri nikaona wimbo mmoja umewekwa kwenye pleilisti ambayo mimi sikuwahi kuiomba wala kuilipia, na wasikilizaji karibu wote wanatokea mji mmoja tu, tena namba ya kila siku inalingana na ya jana yake kama imepigiwa rula. Siku ya 11 ikaja barua pepe ya mistari mitatu: nyimbo zako zimeondolewa kwa sababu ya usikilizaji usio halali (yani wa roboti, sio watu), salio limezuiliwa, uamuzi ni wa mwisho. Zote 9, sio ule mmoja tu. Niliandika mara sita nikiambatanisha skrinishoti za ile pleilisti, na mara zote sita nilijibiwa maneno yaleyale, neno kwa neno, bila jina la mtu chini.

Ndo hapo nikaelewa unalipia nini hasa kwa distributa. Kupeleka faili wote wanajua, faili itafika. Unachonunua ni namna watakavyokushughulikia siku wimbo wako ukiwekewa alama nyekundu, na wimbo wa AI unawekewa alama mapema kuliko mwingine, kwa hiyo hilo ndo la kuliangalia kwanza.

Na ukitaka kujua kwa nini wamekuwa wakali, angalia hali ilivyo. Deezer walisema mwezi wa kwanza 2025 wanapokea nyimbo kama 10,000 kwa siku zilizotengenezwa zote na AI, kufika mwezi wa 11 mwaka huohuo zilishafika 50,000 kwa siku, yani karibu asilimia 34 ya kila kinachoingia kwao, na wakasema sehemu kubwa ya usikilizaji wa nyimbo hizo, hadi asilimia 70, ni wa udanganyifu. Spotify nao mwezi wa 9 2025 walitangaza wamefuta nyimbo zaidi ya milioni 75 za takataka (spamu) ndani ya miezi 12. Kuna yule Michael Smith wa North Carolina, alifunguliwa mashtaka Marekani 2024, waendesha mashtaka walisema alipandisha mamia ya maelfu ya nyimbo za AI akazisikilizisha kwa roboti akavuna zaidi ya dola milioni 10. Alafu tangu 2024 Spotify wanamtoza distributa au lebo pesa, kama euro 10 kwa kila wimbo wanaokuta umesikilizwa kwa roboti waziwazi, na wengi wao wanaishusha hiyo bili kwako. Sasa fikiria wewe ndo distributa, una maelfu ya wateja na huyu mgeni nyimbo zake ni za AI zimeruka ghafla, utahangaika kumchunguza au utamfuta tu yaishe? Wengi wanafuta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma kipengele cha AI cha kila unaemfikiria, na usome siku hiyohiyo unayotaka kulipa kwa sababu wanabadilisha. CD Baby na TuneCore walishasema hawapokei wimbo ambao ni AI asilimia 100, wanataka kuwe na mkono wa binadamu ndani yake. DistroKid wanapokea mradi una haki zote za ulichopandisha na hujaigiza sauti ya mtu. Ukikuta distributa hajaandika chochote kuhusu AI usidhani ndo karuhusu, waandikie uwaulize moja kwa moja, wimbo wangu maneno nimeandika mimi, muziki na sauti ni vya programu fulani kwenye mpango wa kulipia, mnapokea? Jibu litunze. Na angalia limechukua siku ngapi na kama limeandikwa na mtu aliyesoma swali lako, maana wakikujibu hovyo ukiwa hujalipa, siku ya matatizo hutajibiwa vizuri zaidi ya hapo.

Cha pili ni haki zenyewe na hapa wageni wengi wanaumia bila kujua. Nyimbo ulizotengeneza Suno ukiwa kwenye mpango wa bure huruhusiwi kuzifanyia biashara, na ukija kulipia baadae ile ruhusa hairudi nyuma kuzifunika za zamani. Nina rafiki wimbo wake bora kuliko yote aliutengeneza wiki ya kwanza akiwa bado bure, ikabidi aurudie upya na haukutoka vilevile, mpaka leo anausikitikia. Kwa hiyo lipia kwanza ndo utengeneze, na kila mwezi hifadhi risiti ya malipo. Mimi nina folda kwa kila wimbo, ndani kuna risiti ya mwezi ule, maneno niliyoandika na rasimu zake, prompti nilizotumia (yale maelekezo unayoiandikia programu), faili za hatua za katikati, na skrinishoti inayoonyesha tarehe. Inachukua dakika tano tu. Distributa akiniuliza nathibitishaje haki zangu namtumia folda nzima siku hiyohiyo, na imeshanisaidia mara mbili. Jambo lingine, usiache kazi zako zote ndani ya programu, zipakue mapema. Waliokuwa wanatumia Udio, programu nyingine kama Suno, waliliona hili mwezi wa 10 2025, kampuni ilipatana na lebo kubwa ya Universal Music na kupakua nyimbo kukazimwa ghafla, mpaka baadae wakafunguliwa kidirisha kifupi cha kuchukua vitu vyao.

Mkono wako kwenye wimbo una faida nyingine pia. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwenye ripoti yake ya mwezi wa kwanza 2025 ilisema prompti peke yake hazikufanyi mwandishi wa kazi, lakini sehemu uliyoifanya wewe mwenyewe, mfano maneno ya wimbo au mpangilio wako, inaweza kulindwa. Ndo maana nawaambia wanaoanza, andika maneno mwenyewe, hata ukibadilisha tu vesi kuna kitu chako pale. Ukiweza rekodi sauti yako, hata kiitikio tu, inakupa usemi mbele ya distributa na wimbo wenyewe unakuwa na uhai, hii naamini kabisa.

Kuna kisanduku kimoja kwenye fomu ya kupandisha wimbo naomba usikiguse, cha Content ID ya YouTube. Kinaonekana kama pesa ya bure, video yoyote ikitumia wimbo wako unalipwa. Lakini masharti yake yanataka uwe na haki ya pekee ya kila sauti iliyomo, ambayo kwa wimbo wa AI ni ngumu kuisimamia, ukija kudai video ya mtu kimakosa mgogoro unarudi kwenye akaunti yako. Kiache bila tiki, endelea.

Sasa bei. Kuna wa kulipa kila mwaka kama DistroKid, mapato yanabaki kwako yote lakini ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kushushwa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha zibaki, hiyo inalipiwa kwa kila toleo. Kuna wa kulipa mara moja kwa toleo kama CD Baby, wao wanakata asilimia 9 ya mapato. Kuna wa bure wanaokata asilimia, RouteNote mpango wao wa bure wanachukua 15. Kwa anaeanza na nyimbo chache mimi nasema bure au mara moja, kwa sababu ukweli ni kwamba Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi kabisa, na nyimbo nyingi za mwanzo hazifiki huko. Asilimia 15 ya sifuri haikuumizi ila ada ya mwaka inakuumiza. Angalia pia unatoaje hela, wengine hawakuruhusu mpaka ufikishe dola 50, wengine njia yao ya malipo haipatikani ulipo, na kama wewe sio wa Marekani kuna fomu ya kodi W-8BEN ya kujaza, ijaze mapema. Na hela huwa inachelewa miezi miwili mitatu baada ya kusikilizwa, usifikiri umeibiwa.

Alafu taratibu. Huu ushauri ndo haupendwi kwa sababu AI inakupa nyimbo 20 kwa siku na mkono unawasha wa kuzitoa zote. Usitoe. Akaunti mpya inayomwaga nyimbo 40 kwa wiki inafanana na tapeli hata kama wewe ni mtu safi, mifumo yao haikujui moyo. Mimi sa hivi natoa moja kila wiki tatu, naichagua kati ya kama 30, naisikiliza kwenye spika mbaya na nzuri, nasafisha ule mvumo wa juu unaokaa kwenye sauti za AI, natoa WAV sio MP3, kava ya pikseli 3000 kwa 3000 isiyo na sura ya mtu maarufu. Naweka tarehe ya kutoka wiki tatu mbele ili nipate muda wa kuupendekeza kwa wahariri wa Spotify, wao wanataka angalau siku 7 kabla. Kabla ya hapo natafuta jina langu la usanii kwenye majukwaa yote nione hakuna mwingine analitumia, ukichanganywa profaili na msanii mwingine kutenganishwa kunachukua wiki nyingi na yule wa kwanza ana haki ya kukasirika. Fomu ikiuliza kama AI imetumika, jibu ndio na useme sehemu gani. Spotify wameanza kuonyesha taarifa hizo kwenye maelezo ya wimbo, na Deezer wana mtambo wao unaogundua wenyewe, kwa hiyo ukificha utakutwa na hapo kosa linakuwa la uongo, kubwa kuliko la AI.

Na ukiona strimu (idadi ya kusikilizwa) zimepanda bila sababu fanya ambacho mimi sikufanya. Siku hiyohiyo ingia uone zinatoka pleilisti gani na mji gani, piga skrinishoti, waandikie distributa wewe wa kwanza kabla hawajakuandikia, waambie hii siijui na sijailipia. Mwaka jana ilinitokea tena na distributa niliyenae sasa, niliwaandikia usiku, asubuhi akanijibu mtu kwa jina lake, akasema tumeona, tumeiweka kwenye rekodi yako. Wimbo haujaguswa mpaka leo.

Mwisho, hata kabla hujapata shida, nakili ISRC za nyimbo zako zote uziweke mahali pako, ni ule msimbo wa herufi na namba, jumla 12, ambao kila rekodi inapewa. Ukihama distributa unapandisha wimbo kwa ISRC ileile, faili ileile na majina yaleyale, unasubiri uonekane kwa distributa mpya ndo unafuta kwa wa zamani, hapo hesabu ya usikilizaji kwa kawaida inakuja nayo. Mimi zile 9 sikuwa nimezinakili, akaunti ilipofungwa nikashindwa hata kuingia kuzisoma, nikaanza na sifuri.