Mwacheni Lobachevsky: Maswali na Majibu

Ni kweli Nikolai Lobachevsky, mwanahisabati wa Urusi, alithibitisha kwamba mistari sambamba hukutana?

Hapana! Hili nimelijibu mara ngapi? Mistari sambamba ni ile isiyokutana. Ikikutana, jina hilo hailistahili tena. Chora mstari, weka nukta nje yake. Euclid, Mgiriki wa kale aliyeandika kanuni za jiometri, anakupa mstari mmoja tu upitao kwenye nukta hiyo bila kukutana na ule wa kwanza. Lobachevsky, akiwa Kazan, mji wa Urusi, akasema: tuseme ipo zaidi ya mmoja. Akayafuata matokeo hatua kwa hatua, asione mgongano wowote. Pembe za pembetatu zikijumlishwa hazifiki nyuzi 180, na pembetatu ikizidi ukubwa, upungufu nao huzidi. Alipiga hata hesabu kwa nyota Sirius aone kama upungufu huo unapimika. Ulikuwa mdogo mno. Mnaotaka mistari ikutane, mfuateni Riemann, mwanahisabati Mjerumani mwenye jiometri ambayo mistari yote hukutana.

Alikufa lini?

1856, akiwa kipofu. Kitabu chake cha mwisho alikisema kwa mdomo, wengine wakaandika.

Nasikia wazo alimwibia Gauss.

Mnasikia mengi. Gauss, mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani, hakuwahi kulichapisha. Lobachevsky alichapisha kuanzia 1829, János Bolyai wa Hungaria akafuata 1832. Chanzo cha uvumi ni Martin Bartels, aliyemfundisha Gauss utotoni, halafu Lobachevsky huko Kazan. Basi wote waliokaa mbele ya mwalimu mmoja ni wezi? Gauss mwenyewe, aliyekuwa amejifunza Kirusi, ndiye aliyempendekeza awe mwanachama wa jumuiya ya wanasayansi ya Göttingen mwaka 1842. Waliomdharau walikuwa nyumbani: Ostrogradsky, mwanahisabati mkubwa wa St. Petersburg, aliikataa kazi yake kwa kejeli. Wa mikoani hasomwi, hukaguliwa tu.

Mbali na jiometri alifanya nini?

Asante, hatimaye swali. Aliongoza Chuo Kikuu cha Kazan kuanzia 1827 hadi 1846, na kwa muda alisimamia maktaba pia. Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka 1830 aliwakusanya wanafunzi, walimu na familia zao ndani ya chuo, akafunga milango na kusimamia usafi. Wachache sana wakafa. Wakuu wa vyuo wanaojivunia majengo wamsome huyu.

Nimeithibitisha kanuni ya tano ya Euclid, ile ya mstari sambamba mmoja tu. Nikutumie?

Usinitumie. Lobachevsky naye alijaribu alipokuwa mwalimu kijana, akaacha. Tangu Beltrami, mwanahisabati wa Italia, alipotoa kielelezo chake cha jiometri ya Lobachevsky mwaka 1868 tunajua haithibitishiki kwa zile kanuni nyingine. Mwalimu wako naye usimpelekee.