Barua kwa mwanangu: Malkia Mary na sahihi mbili

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unasema kwenye semina yenu wenzako wakimtaja Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza wanamwita "Mary wa Damu", kisha wote wanakugeukia wewe, Mkatoliki pekee mezani, utadhani kuni ulizileta wewe. Ukaniuliza: Mama, kweli alikuwa katili kiasi hicho, au ni maneno ya walioshinda? Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, kwa hiyo jibu fupi usilitegemee.

Nianze na lisilo na ubishi. Kuanzia Februari 1555 hadi Novemba 1558, watu wapatao 280 walichomwa moto wakiwa hai kwa kosa la uzushi, yaani kupinga mafundisho ya Kanisa Katoliki. Zaidi ya 50 walikuwa wanawake. Maaskofu na wasomi walikuwamo, lakini wengi walikuwa watu wa kawaida tu, mafundi na vibarua. Usijitetee mbele ya wenzako kwa kusema baba yake, Henry wa Nane, naye aliua, na mdogo wake, Elizabeth, naye aliwanyonga mapadri. Ni kweli tupu, ila dhambi ya jirani haijawahi kufuta ya mtu. Na sisi ambao kila Juni 3 tunawakumbuka vijana wa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walioteketezwa pamoja mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, tutasemaje kwamba moto wa Smithfield, uwanja wa London walikochomewa watu, ulikuwa mambo ya zama zile tu?

Maneno ya walioshinda yapo pia. Kitabu kikubwa cha John Foxe kuhusu waliochomwa kilitoka London mwaka 1563, Elizabeth akiwa kitini, na kikasomwa vizazi kwa vizazi. Foxe aliwakusanya wafu wa upande wake. Kazi ya kumweleza Mary mwenyewe hakuwa nayo.

Mary alizaliwa Februari 1516, mtoto pekee wa Henry na Catherine wa Aragon aliyekua. Baba alitaka mtoto wa kiume, Papa akakataa kuivunja ndoa, basi mfalme akajitenga na Roma. Mwaka 1533 Askofu Mkuu mpya wa Canterbury, Thomas Cranmer, akatamka kwamba ndoa ile haikuwahi kuwa ndoa. Shika jina hilo, nitalirudia. Kwa tamko hilo Mary, msichana wa miaka 17, akawa mtoto wa nje ya ndoa. Akavuliwa cheo cha binti mfalme na kupelekwa Hatfield, akaishi chini ya kivuli cha Elizabeth, kichanga cha mke mpya. Mama yake alipokuwa anakata roho Kimbolton, Januari 1536, Mary hakuruhusiwa kwenda kumwona.

Miezi michache baadaye yule mke mpya, Anne Boleyn, akakatwa kichwa, na Mary akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Baba alituma wajumbe na karatasi: akiri kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa, amkane Papa, na akubali kwamba ndoa ya mama yake ilikuwa haramu. Alipokataa, mmoja wa wajumbe alimwambia kwamba angekuwa binti yake angemgonga kichwa ukutani mpaka kilainike kama tufaha lililookwa. Balozi wa Kaisari Charles wa Tano, Eustace Chapuys, ambaye ndiye rafiki aliyebaki, alimshauri atie sahihi aokoe maisha yake. Juni 1536 akatia. Kisha akamwomba Chapuys amtafutie kwa siri msamaha wa Papa.

Mwanangu, mimi naamini sehemu kubwa ya utawala wake ilizaliwa siku ile. Alikuwa na miaka 20, mama yake hana hata miezi sita kaburini, na yeye kwa mkono wake ameandika kwamba mama yule hakuwa mke wa mtu.

Baada ya hapo hakuinama tena. Mdogo wake Edward alipotawala kuanzia 1547 na kupiga marufuku Misa, Mary aliendelea kuisikiliza nyumbani kwake. Mwaka 1551 alipoitwa ajieleze, aliingia London na msafara wa wapanda farasi, kila mmoja ameshika rozari. Edward alipokufa Julai 1553, wakubwa wa London walimtangaza Jane Grey, binti Mprotestanti, kuwa malkia. Mary akakimbilia mashariki, akapandisha bendera kwenye ngome ya Framlingham, na watu wakamiminika upande wake, hata Waprotestanti, kwa sababu alikuwa binti wa Henry na haki ilikuwa yake. Katika siku kama kumi London yenyewe ikageuka. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ametawazwa kutawala Uingereza kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1554 Bunge likapitisha sheria kwamba mamlaka ya malkia ni sawasawa na ya mfalme, na Elizabeth wanayemsifu wenzako alikuta njia hiyo imeshafyekwa. Hilo waambie bila aibu.

Ndoa yake na Philip wa Hispania sitaichambua sana. Alimpenda, Philip alipenda siasa. Waingereza hawakumtaka, na uasi wa Thomas Wyatt ulizuka kwa ajili ya ndoa hiyo, kisha Jane Grey akauawa kwa kosa la wengine. Vita vya Philip dhidi ya Ufaransa ndivyo vilivyoigharimu Uingereza mji wa Calais, Januari 1558.

Sasa Cranmer. Novemba 30, 1554, Kardinali Reginald Pole, balozi wa Papa, aliirudisha Uingereza kwa Roma, na sheria za kuchoma wazushi zikafufuliwa. Mwaka uliofuata, huko Oxford, Askofu Mkuu huyo mzee alikuwa gerezani, na Oktoba rafiki zake, maaskofu Latimer na Ridley, wakachomwa. Akavunjika moyo. Akatia sahihi kukana mafundisho yake, tena si mara moja, na kukiri mamlaka ya Papa. Desturi ya Kanisa ilikuwa kumwachia uhai mzushi anayetubu kwa mara ya kwanza. Mary akakataa. Cranmer atachomwa hata akitubu.

Machi 21, 1556 walimpandisha jukwaani ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria asome toba yake hadharani. Alisoma mpaka mahali fulani, kisha akaiacha karatasi. Akasema sahihi zote zile alizitia kwa kuogopa kifo, na kwa kuwa mkono wake ndio uliokosea, ndio utakaotangulia kuungua. Wakamvuta chini, wakamkimbiza kwenye kuni. Moto ulipowaka akaunyoosha mkono wa kulia ndani ya ndimi zake, watu wote wakiona.

Ukiitazama kisiasa tu, Mary alikuwa ameshika ushindi mkubwa kuliko wote, mwanzilishi wa Uprotestanti wa Uingereza akiwa hai na amekana, akautupa. Lakini mimi kinachoniuma ni kingine. Katika nchi nzima hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye maana ya kutia sahihi kitu usichokiamini kwa sababu unaogopa kufa. Yeye alipewa miaka 20 zaidi ya kuishi na sahihi yake. Cranmer alipewa siku chache tu. Hapo simtetei, na wewe usimtetee.

Huruma yangu naiweka kwingine. Mwaka 1555 alijifungia Hampton Court akisubiri kujifungua. Barua za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto zilikwisha andikwa, nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Kengele za London zilipigwa siku moja kwa uvumi kwamba mtoto wa kiume amezaliwa. Ilipofika Agosti, mimba haikuwepo. Na Papa Paulo wa Nne, ambaye kwa ajili ya kiti chake watu walikuwa wanachomwa, akaja kumvua Pole madaraka yake ya ubalozi mwaka 1557 na kumwita Roma. Mary, malkia mtiifu kwa Papa kuliko wote, akagoma kumwachia aende. Wote wawili, yeye na Pole, walikufa siku moja, Novemba 17, 1558. Mary alikuwa na miaka 42.

Wosia wake uliagiza mwili wa mama yake uhamishwe na kuzikwa naye pamoja. Haukutekelezwa. Catherine bado yuko ndani ya kanisa kuu la Peterborough, na kutoka London ni safari fupi ya treni. Ukipata Jumamosi nenda, umsalie, na unipigie picha.

Baba yako anakusalimu sana na anauliza kama hela ya kodi ya chumba imeingia. Mjibu leo, maana ananiuliza mimi kila saa.

Mama yako