Alumini ya ndani ya gari haing'ai kwa polishi

Msomaji wa Tabata ameandika kwamba amesugua fremu ya gia ya gari lake kwa Brasso, polishi ya metali, jioni tatu mfululizo ili ing'ae kama kioo. Michirizi ya kiwandani bado iko palepale, ila sasa kuna na mabaka meupe. Ndugu yangu, mkono wako hauna kosa. Ulichokuwa unasugua si alumini, ni kile kilicho juu yake.

Michirizi ile huchorwa kiwandani kwa makusudi, kisha kipande huwekwa tabaka la anodaizi au hupigwa klia, yaani vanishi isiyo na rangi, na mara nyingine vyote viwili. Anodaizi ni oksaidi ya alumini, kitu kilekile kinachotumika kutengeneza punje za misasa mingi. Kwa unene ni mikroni chache tu, yaani elfu chache za milimita, lakini kwa ugumu polishi ya kopo haiiwezi. Mabaka hutokea pale klia inapokwaruzika au tabaka linapolika sehemu moja na kubaki nyingine.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kipande ni alumini kweli. Magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani yana plastiki yenye rangi ya fedha, na hiyo ukiipiga msasa umeiua. Kitoe kabisa kwenye gari, ukigeuze, ukikwaruze kidogo mahali pasipoonekana. Kisha chukua mita ya fundi umeme (multimita), iweke kwenye kipimo cha mlio, gusa uso kwa ncha zote mbili. Ikikaa kimya, bado kuna tabaka. Ikilia, umefika kwenye alumini tupu. Kipimo hiki utakirudia mara nyingi, kwa hiyo mita ikae karibu.

Klia hutoka kwa dawa ya kutolea rangi. Anodaizi hutoka kwa kostiki, ile wanayonunua watengeneza sabuni. Gramu 30 hadi 50 kwa lita moja ya maji baridi zinatosha. Tia kostiki ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka usoni. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani, fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, maana hewa inayotoka ni haidrojeni na inashika moto. Tumia ndoo ya plastiki, uchovye kipande humo. Sufuria ya alumini italiwa pamoja na kipande chako.

Mapovu yakianza kutoka sawasawa uso mzima, tabaka limekwisha. Toa mara moja, suuza kwa maji mengi, futa ule weusi uliobaki. Ukikiacha dakika kumi zaidi kitatoka na vishimo, na vishimo hivyo vitakugharimu siku nzima ya msasa. Vipande vingi vya ndani ni bati jembamba la alumini lililogandishwa juu ya plastiki. Hivyo usivichovye, kostiki huingia kwenye gundi na bati linabanduka. Vyenyewe anza na msasa moja kwa moja.

Msasa ndio kazi yenyewe. Nunua msasa wa maji, Kariakoo upo wa namba zote: 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kata soli ya kandambili iliyochakaa, uizungushie msasa. Inakaa sawa na bapa kuliko vidole, ambavyo huchimba mifereji. Maji yawe na tone la sabuni, kwa sababu alumini ni laini na huziba punje haraka. Kulowesha kunazuia pia vumbi, ambalo likiwa kavu na jingi huweza kulipuka.

Namba 320 itakula karibu nusu ya muda wote, na hapo ndipo wengi wanapodanganyana. Sugua kukatiza michirizi ya kiwandani hadi isionekane hata mmoja. Ukihamia 400, geuza mwelekeo nyuzi 90, usugue mpaka mikwaruzo ya 320 ipotee yote. Fanya hivyo kila namba. Kagua kwenye jua la pembeni, si chini ya taa ya dari. Mkwaruzo wa 320 ulioachwa hauondoki kwa 2000. Utauona tu baada ya kung'arisha, na itabidi urudi ulikotoka. Kwenye kona na kingo punguza mkono, bati ni jembamba na linatoboka hapo kwanza.

Baada ya 2000, funga gurudumu la pamba kwenye drili, mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Grenda ya kawaida huenda karibu 11,000. Inaunguza, na gundi ya nyuma inalegea. Anza na sabuni ya polishi ya kahawia, ile ya kipande kigumu inayopakwa kwenye gurudumu, osha, kisha nyeupe kwa gurudumu jingine. Usichanganye magurudumu. Gurudumu lizunguke kuelekea nje ya ukingo, lisiingilie kutoka ukingoni, maana litanyakua kipande mkononi. Kikipata joto usiloweza kulishika, pumzika. Ukikandamiza uso unakuwa kama ganda la chungwa. Weusi wa mafuta unaobaki futa kwa unga wa ngano na kitambaa laini.

Alumini tupu katika hewa ya chumvi ya Dar hufifia mapema, na jasho la mikono linazidisha. Paka nta nyembamba, urudie kila baada ya wiki sita hivi. Usipige klia juu yake, haishiki vizuri kwenye uso laini namna hiyo na itabanduka. Wanaokuoshea gari waambie wasiguse hapo kwa sabuni ya unga.

Kipande cha juu ya dashibodi, kinachotazama kioo cha mbele, kiache na michirizi yake. Jua la saa saba barabara ya Morogoro likikipiga, linarudi machoni mwa dereva. Fremu ya gia na vishikio vya milango vinatosha. Vya usukani usiviguse kabisa, pale kuna mfuko wa hewa (airbag).