Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia hiyo masta

Assalaam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, nikamuwekea na mama ako, alafu nikaisikiliza tena peke yangu maana yeye alikuwa anaitikia kila neno kama yuko kwenye maulidi. Kama nimekuelewa, unauliza hivi: digrii ya sosholojia unayo, mwaka wa tatu huu unaenda kazi ya kueleweka hujaipata, kuna chuo kinakuita ukasome masta, shoga ako nae kakwambia urudi nyuma ukasome diploma ya afya, sasa kipi kitakupa kazi ya uhakika, ile ambayo mtu akilala anajua mwisho wa mwezi upo. Nimeona nikuandikie tu, kwenye simu ntasahau nusu na weye utanikatiza.

Masta usisome. Sio saivi. Masta inamfaa aliyeshaingia ndani, mwalimu anayetaka ukuu wa shule, mtu wa halmashauri anayetaka ukuu wa idara, huyo akisoma kuna ngazi inamsubiri pale pale kazini kwake na pengine mwajiri anamlipia. Weye bado uko nje ya geti. Ingia Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, soma matangazo ya mwaka huu na ya nyuma yake, uone kazi za kuanzia zinazoomba masta ni zipi, ukitoa za vyuo vikuu na za utafiti utatafuta mpaka uchoke. Mengi yanaomba cheti, diploma au digrii ya fani fulani, na fani yenyewe imetajwa kwa jina. Hapo ndipo wengi mnapoachwa. Tangazo likisema stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, basi digrii yako ya sosholojia haiingii hata kama umeisotea miaka mitatu na ni kubwa kuliko hiyo diploma, maana kila kada, yaani kila aina ya kazi serikalini, ina muundo wake wa utumishi na anayechambua majina anafuata muundo, haangalii nani kasoma zaidi.

Alafu kuna hili la wingi. Mwanzoni mwa 2025 TRA, wale wa mapato, walitangaza nafasi 1,596, walioomba ni watu 135,027. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya watu 80 wanagombea kiti kimoja. Wale sio wajinga mwanangu, wengi wana digrii nzuri tu, tatizo karatasi zao zinafanana na za mwenzao aliyekaa pembeni. Ukiongeza masta juu ya karatasi inayofanana na ya watu wote unakuwa na karatasi mbili za namna hiyo, na deni la bodi ya mikopo liko pale pale linasubiri asilimia 15 ya mshahara ambao haujaanza hata kuingia.

Miye kazi naipima kwa jambo moja, wala sikulisoma chuoni. Je, kuna sheria inayomlazimisha mtu amtafute mwenye cheti hicho? Na hao wanaolazimika ni wengi, au ni mmoja tu?

Weye Tanga umeikuta hii ya baiskeli na upepo, siye tumeikuta ya viwanda, mbolea, chuma, sabuni, mbao, na mashamba ya mkonge huko Ngomeni na Muheza yanatoa kazi mpaka watu wanaletwa kutoka mikoa mingine. Mtu akipata kibarua kiwandani anaoa, anajua ndo kashafika. Kiwanda cha mbolea kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 90, na vingine vikafuata kimoja kimoja, na kile nilichokuwepo miye hakikupona. Siku ya kutoka getini wote tulitoka sawa, bosi na mfagizi, tofauti ikaja kuonekana baadae. Kuna mwenzangu alikuwa ananizidi kwa kila kitu kwenye mitambo ile, anasimama mlangoni anasikiliza tu anakwambia beringi ya pili inakufa, na kweli inakufa. Lakini tredi testi, ule mtihani wa ufundi unaokupa cheti cha gredi, hakuwahi kuifanya, kila mwaka anasema mwakani. Alichokuwa anakijua kilikuwa ni mitambo ya mwajiri mmoja, mwajiri kaondoka nayo. Miye sikuwa hodari kama yeye, nilikuwa na gredi wani ya umeme, na umeme uko kiwanda cha saruji Pongwe, uko bandarini, uko hospitali, uko kwa Mpemba mwenye mashine ya barafu. Nikala huko na huko mpaka nyie mkamaliza shule.

Na mpaka leo, mtu akijenga kibanda chake Mikanjuni akitaka umeme, TANESCO hawamuungi mpaka fomu ya wayaringi isainiwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Uchumi uwe mzuri uwe mbaya, sahihi ile lazima itafutwe. Hiyo ndo kazi ya uhakika ninayoijua miye. Mwajiri anaweza kufa, kuhama au kukuchukia, ila sheria inabaki inakutafutia mwingine.

Sasa tuje kwako. Shoga ako hajakosea, ila asikubebe mzima mzima. Afya ina milango mingi kweli, serikali kila ikitoa vibali vya ajira afya na elimu ndo zinabeba watu wengi, na nje ya serikali kuna hospitali za dini, za watu binafsi, zahanati mpaka huko Pangani. Lakini usidanganyike kwamba ukimaliza unapangiwa kituo, hiyo ilikuwa zamani, saivi wapo manesi na matabibu wako mtaani wanasubiri, wengine wanajitolea tu. Na ualimu umeniambia unaufikiria, huo wa masomo ya sanaa uache, walimu wa historia na Kiswahili wamejaa, wanaotafutwa ni wa hesabu na fizikia, na siku hizi hata walimu wanafanya usaili kama watu wengine.

Nimetoa cheti chako cha form four kabatini nikakiangalia. Watu wanadhani ukishapata digrii cheti cha form four kimekufa, kumbe ndicho kinachofungua hizi diploma. Una Kemia C, Baiolojia C, Kiingereza C, Kiswahili B, Fizikia umelala nayo F. Unesi wanataka D ya Kemia, ya Baiolojia na ya Fizikia, kwa hiyo unesi mpaka urudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajiliwe, ufanye mwezi wa 11, usubiri matokeo, ndo uombe chuo. Famasia haikulazimishi Fizikia, wanataka ufaulu wa masomo manne, Kemia na Baiolojia ziwemo, dini haihesabiwi. Unazo tayari.

Na famasia, mwanangu, naipendea ile sheria yake. Duka la dawa halifunguliwi kama duka la mchele. Famasi lazima iwe na mfamasia aliyesajiliwa anayeisimamia, na anayetoa dawa awe amesomea na anatambulika na Baraza la Famasia, wakaguzi wakipita wakakuta kijana wa mtaani yuko kaunta duka linapigwa kufuli. Tembea kutoka barabara ya kwanza Ngamiani mpaka utakapochoka uhesabu maduka ya dawa. Mengi yana tajiri ambaye hela anayo ila cheti hana, anahitaji mtu kama utakavyokuwa weye. Hospitali nazo zina stoo za dawa na madirisha ya dawa, serikalini kada yenyewe wanaiita mteknolojia dawa, utaiona kwenye matangazo. Kwa hiyo kibali cha serikali kikichelewa haukai unaangalia dari. Diploma ni miaka mitatu, na inaenda kwa ngazi, ya 4, ya 5, ya 6, hata Mungu apishe mbali ukakwama katikati una cheti cha ngazi uliyofika.

Kama damu na dawa vinakukera, na najua weye hata kuku hutaki kuchinjiwa mbele yako, basi angalia masjala. Utunzaji wa kumbukumbu. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapa hapa Tanga, unalala nyumbani unakula kwa mama ako. Kila halmashauri, kila wizara, kila mahakama ina mafaili na lazima yawe na mtu wake. Mshahara sio wa kutamba nao, na ukweli milango yake karibu yote ni ya serikali, ndo maana miye naiweka ya pili.

Bandari na bomba umeniuliza pia. Bandari imekuwa kweli, kina kimechimbwa meli zinafunga gatini kabisa, mambo ya kushusha mzigo nje kwa matishari yamepungua. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, ni kilomita 1,443 linaishia Chongoleani kwetu, na vijana wengi wamekula hela. Ila muulize kijana yeyote wa huko mkataba wake unaisha lini. Ujenzi una mwisho wake, bomba likishafukiwa wa kuchimba mtaro na wa kupika kambini hawana kazi tena, wanaobaki ni wachache, waendesha mitambo, umeme, usalama, na wale wana vyeti vyao toka zamani. Ukipata kibarua cha miezi huko chukua ulipie ada, usikijengee maisha.

Chuo usichague kwa bango. Vimeota kila kona, vingine vina geti zuri kuliko maabara. Angalia kwanza kama kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe imeidhinishwa, sio chuo tu. Alafu uliza mazoezi mnafanyia hospitali gani, wakianza kuzungukazunguka aga uondoke. Na akitokea mtu akakwambia ile F ya Fizikia inarekebishika kwa laki kadhaa, mfute kwenye simu yako. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa, wengine wamebakiza miaka michache wastaafu, wakaenda nyumbani.

Najua kinachokuuma ni aibu, kukaa darasa moja na watoto waliomaliza form four juzi. Una miaka 26. Matangazo ya serikali yanasema mwombaji asizidi miaka 45, ukimaliza diploma una 29 au 30, wala hujachelewa. Na sosholojia haitupwi, ukishaingia ndani ukataka kupanda ndo itakuja kukufaa, na hapo hata hiyo masta tutaongea.

Kitu kingine, popote utakapoitwa, hata duka la dawa la mtu, uliza makato ya NSSF, mfuko wa pensheni, kabla ya kuuliza mshahara. Mwajiri lazima achangie sehemu yake, serikalini ni PSSSF, mwajiri asilimia 15 weye 5. Anayekwambia tutaongea baadae huyo hana mpango wa kukuajiri, anataka kibarua.

Ada ntatoa kodi ya vile vyumba viwili vya uani, haitotosha yote, kwa hiyo vitenge vyako usiache kuviuza. Udahili ukifunguliwa omba vyuo vitatu, cha Tanga kimoja kiwemo. Picha ya cheti nakutumia usiku bando likiingia. Shangazi ako usimwambie kwanza, atatangaza mpaka Muheza kabla hujajaza fomu.

Baba ako