Mhandisi Anajibu: Ripoti ya udongo na msingi wa nyumba

SWALI: Mhandisi, habari ya kazi. Nina kiwanja cha futi 50 kwa 100 mtaa wa Utawala, Nairobi, nataka kujenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, bila ghorofa. Nimepimisha udongo. Ripoti inasema kwenye kina cha mita 1 ardhi inabeba kilonewtoni 80 kwa mita mraba, na kwenye mita 1.8 inabeba 250. Fundi ameisoma akasema 80 inatosha, tusimwage pesa kuchimba zaidi. Nimkubalie?
Mama wa Utawala

JIBU: Mama, usimkubalie, ingawa hesabu yake haina kosa. Ukuta wa mawe ya kuchonga wenye kimo cha mita 3, pamoja na paa na msingi wenyewe, hushusha takriban kilonewtoni 30 kwa kila mita ya urefu wake. Msingi ukiwa na upana wa sentimita 60, hiyo ni 50 kwa mita mraba. Kilonewtoni moja ni kama kilo 100, kwa hiyo 80 ni tani 8 kwa kila mita mraba. Nafasi ipo. Hakikisha tu kwamba 80 ni uwezo unaoruhusiwa, uliokwisha kupunguzwa kwa ajili ya usalama (mara nyingi kwa kugawanya kwa 3), na si kile kiwango ambacho udongo hukatika.

Shida iko kurasa chache mbele, kwenye matokeo ya maabara. Tafuta kielezo cha plastisiti, yaani namba inayoonyesha udongo unabaki wa kufinyangika kwa kiasi gani cha maji. Kikipita 35, huo ni udongo unaofura sana, na nitashangaa ukikuta chako kiko chini. Kutoka Embakasi kwenda Utawala na Ruai, sehemu kubwa ya miamba imefunikwa na udongo mweusi wa pamba. Chembe zake hunyonya maji na kutanuka. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha unafura. Januari na Februari unakauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukifura chini ya msingi unasukuma juu, na msukumo huo unaweza kupita kilonewtoni 100 kwa mita mraba, mara mbili ya uzito wa nyumba yako. Tena haufuri sawasawa: pembe moja inainuka, nyingine inabaki palepale. Hapo ndipo nyufa za mshazari hutokea kwenye kona za madirisha na milango ikaanza kugoma kufunga. Fundi wako amepima kama nyumba itazama. Swali la kama itainuliwa hajaligusa.

Kwa hiyo teremka hadi ile mita 1.8, ukiondoa weusi wote. Na tafadhali, Mama, uondoe hata chini ya sakafu. Hili linaniuma kwa sababu naliona kila mara: watu wanachimba mitaro ya kuta hadi kwenye mwamba, halafu wanamwaga slabu juu ya udongo uleule. Kuta zinatulia, sakafu inabebwa juu. Jaza moramu safi, ushindilie kwa tabaka za sentimita 15, na udongo uliochimbwa usirudi ndani hata toroli moja. Malori ya kuuondoa yatakugharimu, najua, lakini kuchimba chini ya nyumba ambayo watu wanaishi ni ghali kuliko hayo.

Maji ya paa yapeleke mbali na kuta, na mkaratusi usipandwe karibu.

SWALI: Jirani yangu hapa Njiru amepimisha udongo wake mwaka huu. Tumepakana ua kwa ua. Naweza kutumia ripoti yake?
Baba wa Njiru

JIBU: Hapana, Baba. Itumie kukisia tu utakachokutana nacho. Upande wenu kuna machimbo ya zamani ya mawe yaliyofukiwa kwa takataka na vifusi. Jirani anaweza kugonga mwamba kwenye mita 1 na wewe ukawa umesimama juu ya shimo. Chimbisha mashimo yako mwenyewe ya kupimia udongo pale kuta zitakapokaa, ripoti isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mhandisi huyo aje aitazame mitaro ikiwa wazi, kabla hujakoroga zege.