Kabla hujajaza fomu ya ufadhili, tafuta mwenye maabara

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimemaliza uzamivu wa baiolojia ya molekuli. Nimeomba nafasi 12 za utafiti wa baada ya uzamivu, kimya. Nina kasoro gani?" Usingizi ulinipaa. Miaka sita iliyopita nilimwandikia mtu maneno hayohayo.

Mimi ni mhandisi. Uzamivu wangu ulihusu mtiririko wa majimaji katika vijia vyembamba kama unywele, nami nilitaka kupitisha humo seli hai, moja moja, nizichunguze. Nilituma barua pepe 40 zinazofanana, nikibadilisha jina tu. Waliojibu ni wawili. Mmoja hakuwa na fedha. Wa pili aliniomba andiko la mradi. Nikalihangaikia wiki tatu, akanyamaza. Miezi mitano baadaye nikasikia nafasi ilishajazwa. Liliniuma, na bado linaniuma.

Pigo lililofuata nilijiletea mwenyewe. Nilichukua kazi ya mkataba katika nchi niliyoitamani, nikidhani ukaribu utanibeba. Kumbe ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya humkataa aliyeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Mimi nilikuwa na 14. Someni masharti, jamani! Yasomeni kabla ya kufunga mizigo.

Barua ya 41 ndiyo iliyozaa. Nilikuwa nimesoma makala tatu za maabara moja, nikaona vipimo vyao vinachanganya maelfu ya seli na kutoa wastani, hivyo tofauti ya seli na seli inapotea. Nikaandika aya mbili tu: shida ni hii, kifaa changu kinaitatua hivi. Jibu lilikuja kesho yake. Mimi na mkuu wa maabara ile tuliandika ombi pamoja kwa Human Frontier Science Program, programu ya kimataifa ya kufadhili utafiti yenye makao Strasbourg, Ufaransa, ambayo ina ufadhili wa miaka 3 kwa watu wa fizikia, kemia, hisabati na uhandisi wanaohamia sayansi za uhai. Tukaupata, na ninajivunia kila mstari wa ombi lile.

Kwa hiyo, dada yangu, acha kuomba nafasi, peleka wazo. Usiogope kwamba litaibwa, wazo linalofichwa halipati maabara. Na hesabu miaka yako mapema: wakfu wa Humboldt wa Ujerumani, katika ufadhili wake wa watafiti wachanga, huwapokea walio ndani ya miaka 4 tangu uzamivu, Marie Curie huweka kikomo cha miaka 8 ya uzoefu wa utafiti, na likizo ya uzazi haihesabiwi humo. Nawaona wengi wenye vipaji wakisubiri matangazo hadi muda unawapita. Peleka wazo!

Katika barua zako 12, nitumie moja niisome. Na ile maabara unayoitamani kuliko zote, makala yake ya mwisho umeshaisoma?