Kwa wiki moja, nenda Istanbul

Ndugu yangu, umeuliza uchague Paris, Dubai au Istanbul kwa likizo yako ya wiki moja. Mimi nasema Istanbul, bila kusita. Dubai ni karibu, nayo Paris inapendeza, lakini ni Istanbul tu utakapokunywa chai upande wa Ulaya na kula mchana upande wa Asia kwa nauli ya kivuko.

Kivuko hicho usikikose hata kidogo. Pandia Eminönü, upande wa Ulaya, ushuke Kadıköy, upande wa Asia. Kaa nje, agiza chai ya rangi kwenye bilauri ndogo iliyobonyea kiunoni, na uwe na simit, mkate wa duara uliojaa ufuta. Shakwe huandamana na meli wakidaka vipande vinavyorushwa na abiria.

Hagia Sophia, kanisa la mwaka 537 ambalo sasa ni msikiti, utaiona, ila foleni ni ndefu na wageni hulipa kiingilio. Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Mimar Sinan iliyokamilika 1557, ni bure, na kwangu ndio mzuri zaidi kwa utulivu wake. Beba mtandio kama unakwenda na shemeji.

Nenda Aprili au Mei. Januari baridi yake ni kali.